Namna ya Kujifunza Kutathmini Akiba na Thamani ya Eneo la Mafuta na Gesi

Kila inapotajwa gesi asilia ya Tanzania, namba inayofuata huwa futi za ujazo trilioni 57.54. Namba hiyo ni ya kweli, lakini husomwa vibaya mara nyingi, kwa sababu ni makadirio ya gesi yote iliyogunduliwa ikiwa bado imo ndani ya miamba. Si gesi yote itakayotoka, wala si gesi yote itakayouzwa kwa faida. Takribani trilioni 47 kati ya hizo ziko chini ya bahari ya kina kirefu, na kuuzwa kwake kunategemea uamuzi wa kujenga Lindi kiwanda cha kuigeuza gesi kuwa kimiminika. Kwa upande wa Uganda hali ni hiyo hiyo: kati ya mapipa bilioni 6.5 yaliyokadiriwa kuwemo ardhini kuzunguka Ziwa Albert, yaliyotangazwa kwa miaka mingi kuwa yanaweza kutolewa ni takribani bilioni 1.4. Anayechukua namba ya kwanza na kuizidisha kwa bei ya siku hiyo huondoka na utajiri ambao haupo.

Mwongozo huu ni kwa mhandisi, mhasibu, mchumi, mwanasheria au ofisa wa umma anayetaka kujua kitalu (eneo lililotengewa leseni) au kisima kina thamani gani, na kuweza kulitetea jibu lake mbele ya watu wanaojua kazi hiyo. Hauhitaji programu za bei kubwa. Unahitaji lahajedwali (programu ya majedwali kama Excel), hesabu za sekondari na uvumilivu wa kurudia hesabu moja mara nyingi. Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba akiba hupatikana mwamba na fedha vikipigiwa hesabu pamoja, na ndiyo maana inaweza kupungua usiku mmoja bila hata tone moja la mafuta kutoka ardhini.

Hatua ya kwanza: yajue madaraja kabla ya namba

Mfumo unaotumika karibu dunia nzima ni ule uliotolewa mwaka 2007 na SPE, chama cha kimataifa cha wahandisi wa petroli, kikishirikiana na vyama vingine vya fani hiyo, kisha ukarekebishwa mwaka 2018. Katika mfumo huo kiasi cha mafuta au gesi kinaitwa akiba pale tu kinapotimiza masharti manne: kiwe kimegunduliwa kwa kisima, kiweze kutolewa kwa teknolojia inayojulikana, kiwe na faida ya kibiashara chini ya mradi maalumu, na kiwe bado kimebaki, yaani hakijazalishwa. Sharti moja likikosekana, jina linabadilika. Kilichogunduliwa lakini hakijafikia kiwango cha biashara huitwa rasilimali yenye masharti, na kile kinachodhaniwa kuwepo mahali ambapo hapajachorongwa huitwa rasilimali tarajiwa.

Weka mifano ya kweli katika madaraja hayo ili yakukae kichwani. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kufika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004, ina mitambo, bomba na wanunuzi. Sehemu yake iliyobaki inaweza kuitwa akiba. Gesi ya kina kirefu inayosubiri kiwanda cha Lindi imegunduliwa, na visima vimethibitisha ipo, lakini pasipo uamuzi wa mwisho wa uwekezaji inabaki rasilimali yenye masharti. Kitalu kilichopimwa kwa mitetemo tu, bila kisima hata kimoja, hakina zaidi ya rasilimali tarajiwa, hata kama ramani yake inapendeza namna gani.

Ndani ya akiba kuna ngazi tatu za uhakika. 1P ni kiasi chenye uwezekano wa asilimia 90 kwamba kitakachotolewa kitakifikia au kukizidi. 2P ni asilimia 50. 3P ni asilimia 10. Benki inayokopesha huangalia zaidi 1P, na mwenye kampuni hupanga kwa 2P. Anayekuonyesha 3P peke yake mwulize kwa nini ameziacha nyingine mbili.

Usidhani kwamba haya ni mabishano ya majina tu. Januari 2004 kampuni ya Shell ilitangaza kwamba takribani mapipa bilioni 3.9 ya mafuta na gesi, karibu asilimia 20 ya akiba yake iliyothibitishwa (ile ya 1P), hayakustahili kuwa katika daraja hilo. Miamba ilikuwa pale pale. Hata hivyo mwenyekiti wake, Philip Watts, aliondoka Machi mwaka huo, na wasimamizi wa masoko wa Marekani na Uingereza waliitoza kampuni faini ya dola milioni 120 na pauni milioni 17.

Hatua ya pili: kadiria kilichomo ardhini kwa mkono wako

Njia ya kwanza ni ya ujazo. Chukua eneo la mwamba wenye mafuta, zidisha kwa unene wake halisi, zidisha kwa sehemu ya mwamba ambayo ni vinyweleo, ondoa sehemu ya vinyweleo iliyojaa maji, kisha gawanya kwa kipimo cha kusinyaa, kwa sababu mafuta yaliyo chini yana gesi iliyoyeyuka ndani yake na hupungua ujazo yakifika juu.

Tufanye mfano wa kubuni. Eneo ni kilomita za mraba 6, unene halisi mita 20, vinyweleo asilimia 20, maji asilimia 30, na kipimo cha kusinyaa 1.2. Ujazo wa mwamba ni mita za ujazo milioni 120. Vinyweleo vyake ni milioni 24. Baada ya kuondoa maji inabaki milioni 16.8, ukigawanya kwa 1.2 unapata milioni 14. Mita moja ya ujazo ni mapipa 6.29, kwa hiyo kilichomo ni takribani mapipa milioni 88. Ikiwa kiwango cha utoaji ni asilimia 25, yatakayotoka ni milioni 22.

Sasa badilisha unene kuwa mita 15, uone milioni 88 zikishuka hadi 66. Unene huo huenda ulipimwa katika visima viwili au vitatu tu ndani ya eneo lote, na kati ya kisima na kisima kuna makadirio matupu. Kwa hiyo usiandike kamwe namba moja. Andika ya chini, ya kati na ya juu kwa kila kipimo. Lakini jihadhari na kosa linalowapata wengi wanapoanza: kuzidisha vipimo vyote vya chini pamoja na kuita jibu hilo makadirio ya chini ya asilimia 90. Ukiwa na vipimo vitano visivyotegemeana, na kila kimoja kina nafasi ya asilimia 10 ya kuwa chini ya makadirio yako ya chini, nafasi ya vyote vitano kuwa chini kwa pamoja ni moja katika laki moja. Jibu la namna hiyo linakuwa dogo kupita kiasi, na lile la juu linalopatikana kwa njia hiyo hiyo linakuwa kubwa kupita kiasi. Njia sahihi ni kuiachia kompyuta ichague thamani kwa bahati nasibu ndani ya mipaka ya kila kipimo mara elfu kadhaa, kisha uyapange majibu yote kwa ukubwa. Lahajedwali la kawaida linatosha kwa kazi hiyo.

Hatua ya tatu: visikilize visima vinavyozalisha

Eneo likishazalisha kwa miaka miwili au mitatu, historia ya uzalishaji hukueleza mengi kuliko ramani. Mwaka 1945 J. J. Arps alipanga kanuni za namna uzalishaji wa kisima unavyoshuka, na kanuni hizo bado ndizo chombo cha kila siku katika kazi hii. Iliyo rahisi zaidi husema kwamba kasi hushuka kwa asilimia ile ile kila mwaka. Chora kasi ya kila mwezi kwenye karatasi ya logi, ambayo mstari wake wa wima hupanda kwa kuzidisha (1, 10, 100), muda ukiwa kwenye mstari wa chini. Ikiwa nukta zinakaa kwenye mstari mnyoofu, unaweza kuurefusha mstari huo hadi mwisho wa maisha ya kisima. Zikipinda kuelekea juu, mteremko unapungua kadiri muda unavyokwenda, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu mpindo mdogo ukirefushwa miaka 20 mbele huzaa mapipa mengi ya kwenye karatasi tu.

Kabla ya kuchora mstari wowote, uliza kilichotokea. Kasi iliposhuka ghafla, je, mwamba ndio uliochoka, au pampu iliharibika, au mnunuzi alipunguza mahitaji? Kwa gesi swali hili ni la lazima. Kisima kinachohudumia mtambo wa umeme hutoa kile mtambo unachoomba. Uzalishaji wake unaweza kuwa mdogo kwa sababu mvua zimejaza mabwawa ya umeme wa maji, na anayechora mstari wa mteremko hapo atakuwa anapima mvua, si mwamba.

Ndiyo maana kwa gesi tunatumia pia presha. Presha ya mwamba ikigawanywa kwa kipimo cha kupotoka kwa gesi (namna gesi halisi inavyotofautiana na gesi ya kinadharia), kisha ikichorwa dhidi ya gesi iliyokwisha kutolewa, hutoa mstari mnyoofu katika mwamba uliofungwa. Chukua mfano: thamani hiyo ilianza ikiwa 200, na baada ya kutoa futi za ujazo bilioni 30 imeshuka hadi 170. Kila kizio kimoja cha kushuka kimetoa bilioni moja, kwa hiyo kilichokuwemo ni takribani bilioni 200. Ikiwa kisima hakiwezi kutiririka chini ya thamani ya 50, jumla itakayotoka ni bilioni 150, na iliyobaki ni 120. Lakini kama kuna maji yanayosukuma kutoka chini, presha itashuka polepole, mstari utalala, na utadhani una gesi nyingi kuliko iliyopo, hadi maji yatakapofika kisimani.

Hatua ya nne: ijue bei ya kisimani, si ya gazetini

Bei inayotangazwa jioni ya Brent, mafuta ya kigezo katika soko la dunia, si bei ya mwenye kisima. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi na huganda yakipoa, hivyo bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, limesanifiwa kupashwa joto. Gharama ya safari hiyo hukatwa kabla mzalishaji hajahesabu chochote. Mafuta ya Turkana, ambayo ugunduzi wake ulianza na kisima cha Ngamia-1 mwaka 2012, yana tabia hiyo hiyo ya nta. Shehena ya kwanza ya mapipa 200,000 iliyosafirishwa kutoka Mombasa Agosti 2019 ilifika bandarini kwa malori. Andika kila makato kwa mstari wake: tofauti ya ubora, usafiri, uhifadhi bandarini, ada.

Gesi haina hata bei moja ya dunia. Hufuata mkataba kati ya mzalishaji na mnunuzi, na thamani yake iko katika vifungu: kiasi cha chini ambacho mnunuzi atakilipia hata asipokichukua, namna bei inavyopanda mwaka hadi mwaka, na nani anabeba hasara malipo yakichelewa. Soma mkataba wote. Jihadhari pia na desturi ya kugeuza gesi kuwa mapipa kwa kuhesabu futi za ujazo 6,000 kuwa sawa na pipa moja. Uwiano huo ni wa nishati, si wa fedha. Gesi ikiuzwa dola 4 kwa futi 1,000, hizo futi 6,000 zinaleta dola 24, ilhali pipa la mafuta linaweza kuleta dola 65. Kampuni inayojisifu kwa mamilioni ya mapipa sawia huenda ina gesi tupu.

Hatua ya tano: jua nani anachukua nini

Hapa wahandisi wengi huchoka mapema, na ni makosa. Katika nchi zetu mzalishaji hufanya kazi chini ya mkataba wa kugawana mapato ya uzalishaji. Mkataba wa mfano wa Tanzania wa mwaka 2013 ulipanga mrabaha, yaani sehemu ya mapato inayokatwa kwanza kabla ya gharama, wa asilimia 12.5 kwa nchi kavu na bahari ya kina kifupi, na asilimia 7.5 kwa kina kirefu. Baada ya mrabaha, mkandarasi hujirudishia gharama hadi ukomo fulani, kisha kinachobaki hugawanywa kati yake na serikali, na kodi ya mapato hufuata.

Pigia hesabu mapato ya dola 100 chini ya mkataba wa kubuni wenye mrabaha wa asilimia 12.5, ukomo wa kurejesha gharama wa asilimia 50 ya kinachobaki, na mgawanyo wa faida wa 60 kwa serikali na 40 kwa mkandarasi. Mrabaha unachukua 12.50 na kubaki 87.50. Gharama zinachukua 43.75. Faida ya 43.75 inagawanywa: serikali 26.25, mkandarasi 17.50. Kabla ya kodi, mkandarasi anaondoka na 61.25 na serikali na 38.75. Mwaka ambao gharama zote zimekwisha kurejeshwa, faida ni 87.50 nzima, serikali inapata 65 na mkandarasi 35. Mkataba ni ule ule, visima ni vile vile, lakini sura ya mgawanyo imegeuka. Anayehukumu mkataba kwa mwaka wake wa kwanza hujidanganya, na ndivyo pia anayeutetea kwa mwaka wake wa mwisho.

Kutokana na mfumo huu kuna jambo linaloshangaza kila anayelikuta kwa mara ya kwanza: bei ikipanda, mapipa ambayo kampuni inaruhusiwa kuyahesabu kuwa yake hupungua. Gharama ya dola milioni 10 inayopaswa kurejeshwa hudai mapipa 200,000 kwa bei ya dola 50, na mapipa 100,000 tu kwa bei ya dola 100. Akiba ya kampuni ikishuka katika mwaka wa bei nzuri, angalia mkataba kwanza kabla ya kulaumu mwamba.

Hatua ya sita: jenga mtiririko wa fedha, na utafute ukomo wa kiuchumi

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo muda mrefu kuliko zote. Fungua lahajedwali tupu na ufuate mfano huu wa kubuni hadi majibu yako yalingane na haya.

Kisima kinaanza kwa mapipa 400 kwa siku na kasi yake hushuka kwa asilimia 20 kila mwaka. Bei ya soko ni dola 65. Usafiri na tofauti ya ubora vinakata 10, na mrabaha wa asilimia 12.5 unaacha dola 48.125. Kila pipa lina gharama ya uendeshaji ya dola 8, hivyo linabaki na dola 40.125. Juu ya hapo kisima kina gharama isiyobadilika ya dola 350,000 kwa mwaka, kitoe mapipa mengi au machache.

Ukomo wa kiuchumi ni kasi ambayo mapato yanalingana na gharama. Gawanya 350,000 kwa 40.125, kisha kwa siku 365: unapata takribani mapipa 24 kwa siku. Chini ya hapo kila siku ya kuendesha ni hasara. Jumla ya mapipa hadi ukomo huo hupatikana kwa kutoa kasi ya mwisho kutoka kasi ya mwanzo, kuzidisha kwa 365 na kugawanya kwa 0.2231, ambayo ni logi asilia ya 0.8 bila alama ya kutoa. Jibu ni takribani mapipa 615,000, katika muda wa miaka 12 na nusu hivi.

Ishushe bei ya soko hadi dola 40. Pipa sasa linabaki na dola 18.25, ukomo unapanda hadi mapipa 52.5 kwa siku, na kisima kinafungwa baada ya miaka 9. Jumla ni takribani mapipa 568,500. Mapipa karibu 47,000 yameondoka katika akiba, na hakuna aliyegusa mwamba.

Endelea na fedha. Kwa bei ya dola 65 kisima kinatoa takribani mapipa 130,900 mwaka wa kwanza na kuacha dola milioni 4.90 baada ya gharama za uendeshaji; mwaka wa pili milioni 3.85, wa tatu 3.01, wa nne 2.34, na kuendelea hivyo hadi laki moja tu mwaka wa 12. Jumla ni milioni 20.25. Kuchoronga kisima kuligharimu milioni 9, na kukiziba mwishoni kutagharimu laki sita. Bila kujali muda, faida ni milioni 10.65. Lakini dola ya mwaka wa kumi si dola ya leo. Kwa punguzo la asilimia 10 kwa mwaka, yaani fedha za kila mwaka zikigawanywa kwa 1.1 mara moja kwa kila mwaka wa kusubiri, zile milioni 20.25 zina thamani ya 14.73 leo; ukiondoa mtaji na thamani ya sasa ya gharama ya kuziba, thamani halisi ya sasa ni takribani milioni 5.56. Kodi ya asilimia 30, mtaji ukihesabiwa kuwa gharama kwa sehemu sawa katika miaka mitano, inaiteremsha hadi karibu milioni 3.2.

Rudi sasa kwenye bei ya dola 40 na ujumlishe miaka yote tisa. Kisima kinaleta milioni 7.19 tu baada ya gharama za uendeshaji, wakati kukichoronga kunahitaji milioni 9. Ikiwa kisima kimekwisha kuchorongwa, zile milioni 9 zimeshatumika na hazirudi, hivyo ni busara kuendelea kuzalisha, na mapipa 568,500 ni akiba halali. Ikiwa bado hakijachorongwa, hakuna mwenye akili atakayetumia 9 apate 7.19, na akiba yake ni sifuri. Mapipa yote yanahamia kwenye rasilimali yenye masharti. Mwamba ni ule ule na bei ni ile ile, lakini majibu ni mawili kwa sababu fedha moja imeshatoka mfukoni na nyingine bado. Ukilielewa hili barabara, umeelewa nusu ya fani.

Jaribu pia muda. Mtaji utumike leo lakini mafuta yaanze kutoka baada ya miaka mitatu: zile milioni 14.73 zinakuwa 11.07, na thamani halisi kabla ya kodi inaanguka kutoka 5.56 hadi takribani 1.94. Mafuta ya Ziwa Albert yaligunduliwa mwaka 2006, na uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ukatangazwa Februari 2022. Songo Songo ilikaa miaka 30. Ucheleweshaji hauonekani kwenye ripoti ya jiolojia, lakini unakula thamani kila mwaka unaopita.

Hatua ya saba: angalia tarehe za leseni

Hatua hii ni fupi, na kuiruka ni hatari. Leseni ya kuzalisha Songo Songo ilitolewa Oktoba 2001 kwa miaka 25, hadi Oktoba 2026. Kwa mwekezaji, gesi ya baada ya tarehe hiyo si akiba yake mpaka awe na haki iliyoandikwa ya kuendelea, hata kama imejaa mwambani. Katika lahajedwali lako weka safu ya tarehe ya mwisho ya haki, na uzalishaji ukome pale panapotangulia kati ya ukomo wa kiuchumi na ukomo wa leseni.

Hakikisha pia unatofautisha hisa ya gharama na hisa ya mapato. Mwenye kubeba asilimia 50 ya gharama katika kitalu chenye mrabaha wa asilimia 12.5 hapati nusu ya mapato, bali asilimia 43.75. Wanunuzi wa visima vidogo huko Marekani, ambako mrabaha hulipwa mara nyingi kwa mwenye ardhi binafsi, hupoteza fedha kwa kuchanganya hisa hizi mbili.

Hatua ya nane: pima kinachoitikisa namba yako

Badilisha kigezo kimoja kimoja, juu na chini, kwa kiasi ambacho kweli kinaweza kutokea: bei, kasi ya mwanzo, kasi ya kushuka, mtaji, muda wa kuanza. Usitumie asilimia 10 kwa kila kitu, kwa sababu bei ya mafuta inaweza kushuka nusu ndani ya mwaka mmoja, ilhali kipimo cha kusinyaa hakiwezi. Kuhusu bei, chagua sera na uitaje wazi. Kampuni zinazoripoti kwa mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani hutumia wastani wa bei za siku ya kwanza ya kila mwezi kwa miezi 12 iliyopita, na thamani ya sasa kwa punguzo la asilimia 10. Hiyo ni kanuni ya kulinganisha kampuni kwa kipimo kimoja. Si utabiri wa bei, na asilimia 10 hiyo si lazima iwe gharama ya mtaji ya mradi wako.

Hatua ya tisa: fanya mazoezi na data za kweli

Kusoma peke yake hakutakufikisha. Mwaka 2018 kampuni ya Equinor iliweka wazi kwa umma data za eneo la Volve, katika sehemu ya Norway ya Bahari ya Kaskazini, lililozalisha kuanzia 2008 hadi 2016. Humo mna uzalishaji wa kila kisima, vipimo vya mwamba na ripoti za uchorongaji. Eneo hilo lilipangwa kuishi miaka mitatu hadi mitano. Likaishi zaidi ya minane, likatoa takribani mapipa milioni 63, na kufikia kiwango cha utoaji cha asilimia 54.

Chukua uzalishaji wake wa miaka mitatu ya kwanza tu na uufiche uliobaki. Kadiria 1P, 2P na 3P kwa njia za hatua ya pili na ya tatu, uandike tarehe na sababu ya kila chaguo, kisha ufunue miaka iliyofichwa. Utakapokosea, na mara ya kwanza utakosea sana, usikimbilie kurekebisha mstari. Tafuta kama kosa lilitoka kwenye mwamba, kwenye visima vipya vilivyochorongwa baadaye, au kwenye matengenezo uliyoyadhania kuwa uchovu wa mwamba. Rudia na maeneo mengine ya Norway, ambayo uzalishaji wake wa kila mwezi huchapishwa bure na serikali, kisha usome ripoti za akiba za kampuni zinazofanya kazi kwetu na kuorodheshwa katika masoko ya nje. Mwendeshaji wa Songo Songo, kupitia kampuni mama ya Orca, amekuwa akiripoti kwa kanuni za Kanada. Katika kila ripoti tafuta kwanza bei iliyotumika, tarehe ya mwisho ya leseni, na kama kiasi kilichotajwa ni cha kitalu kizima au ni hisa ya kampuni baada ya serikali kuchukua yake, na usiihamishe namba yoyote kwenye lahajedwali lako kabla ya kuandika mambo hayo matatu pembeni yake.